Shingo Haikohoi: Historia ya Kisu na Kifua Kikuu cha Pingili za Shingo, Ikitazamwa kutoka Kashozi

Kwa miaka mingi sasa Serikali imekuwa ikimuuliza raia swali moja kuhusu kifua kikuu: je, umekohoa kwa wiki mbili au zaidi? Swali hilo limebandikwa kwenye kuta za zahanati, limesomwa redioni, na limerudiwa na wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Ni swali zuri, na limeokoa maisha ya watu wengi. Lakini wako wagonjwa wa kifua kikuu ambao, wakiulizwa hivyo, watajibu kwa ukweli kabisa kwamba hawakohoi, kisha watarudi nyumbani na ugonjwa wao. Mmoja wao ni yule ambaye vimelea vimehamia kwenye pingili za shingo. Shingo haikohoi.

Hata jina lenyewe linatupotosha. Tumeuita ugonjwa huu kifua kikuu, nasi tukautafuta kifuani.

Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya tiba ya mgonjwa huyo, hususan tiba ya kisu. Mimi si tabibu; udaktari wangu ni wa vitabu na hautibu hata mafua. Naliendea jambo hili kama mtu anayesoma na kufundisha namna dola inavyomwona raia wake. Na nimechagua kulitazama kutoka Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba, kwa sababu Kashozi haiwezi kuitwa mahali palipochelewa kufikiwa na ulimwengu. Mapadre Weupe walianzisha misheni yao hapo mwaka 1892. Shule ilifika mapema, kahawa ilileta fedha mapema, na watoto wa eneo hilo walipata kuwa mapadre, walimu na watumishi wa umma wakati sehemu nyingi za nchi hazijaona darasa. Ikiwa mgonjwa wa shingo anapotea njia akitokea Kashozi, basi hatuwezi kusingizia giza la ujinga wala upya wa barabara. Lazima tuulize jambo jingine.

Hoja yangu ni hii: historia ya upasuaji wa shingo inaonyesha kwamba kinachoamua kama mgonjwa atatembea tena si ustadi wa mpasuaji peke yake, bali ni idadi ya miezi iliyopita kabla hajamfikia mpasuaji huyo. Na miezi hiyo, kwa sehemu kubwa, imetengenezwa na sera.

Ugonjwa unaojificha

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Ndani yake umepita ugwe wa mgongo, yaani ile kamba laini ya mishipa ya fahamu inayobeba amri za ubongo kwenda mikononi, miguuni na kwenye misuli ya kupumulia. Vimelea vya kifua kikuu vikitoka kwenye mapafu au kwingineko hupitia katika damu, hutua sehemu ya mbele ya pingili, na kuanza kuila taratibu. Gegedu iliyo kati ya pingili mbili hulika pia. Usaha hujikusanya, pingili hudhoofika na kuporomoka, na shingo huinama kwa mbele. Ndipo ugwe hubanwa, ama na usaha ama na vipande vya mfupa.

Si kifua kikuu peke yake kinachofanya hivyo. Wako bakteria wa majipu ya kawaida, ambao hufanya kazi hiyo kwa siku na wiki badala ya miezi, tena kwa homa kali. Wako pia bakteria wa bruselosi, wanaotoka kwa mifugo na kumfikia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa, jambo ambalo wafugaji wa mkoa wa Kagera hawapaswi kulipuuza. Lakini katika nchi zenye kifua kikuu kingi kama yetu, ni kifua kikuu ndicho cha kufikiriwa mapema.

Kifua kikuu cha mgongo wa kati na wa chini humwacha mtu na kibiongo, nacho huonekana. Kwenye shingo ni nadra kuona nundu. Mgonjwa husema tu kwamba shingo inauma, hasa usiku. Haigeuzi. Akiamka kitandani hushika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba anabeba mtungi. Mtoto hushindwa kumeza au hukoroma, kwa sababu usaha umesukuma koo kutoka nyuma. Baadaye vidole hufa ganzi, kikombe huponyoka, vifungo vya shati havifungiki, miguu hukakamaa. Kiuno kikibanwa, miguu ndiyo hupooza. Shingo ikibanwa, mikono na miguu hupooza pamoja, na pumzi yenyewe huwa hatarini.

Jamii ina maelezo yake: amelala vibaya, amebeba mkungu mzito wa ndizi, ametupiwa kitu. Shingo hukandwa kwa maji ya moto, huchuliwa kwa mafuta, na wakati mwingine huvutwa, jambo ambalo kwa mfupa ulioliwa ni hatari kubwa. Simlaumu mganga wa kienyeji peke yake. Mwenye koti jeupe anayetoa vidonge vya maumivu kwa mwezi wa sita mfululizo bila kuagiza picha hata moja anafanya jambo lilelile kwa lugha nyingine.

Enzi ambayo kisu kiliogopwa

Ugonjwa huu ni mkongwe. Maiti iliyokaushwa ya kuhani mmoja wa Misri ya kale, iliyoelezwa na wanasayansi mwaka 1910, ilikutwa na mgongo ulioliwa na alama ya jipu kubwa lililoshuka kandokando yake. Mwaka 1779 mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya kupooza kwa miguu kunakoambatana na kibiongo, na jina lake likabaki kwenye ugonjwa huo hadi leo. Hakujua chanzo. Chanzo kilitangazwa Berlin tarehe 24 Machi 1882, pale Robert Koch alipoeleza kwamba ameviona vimelea vya kifua kikuu.

Miaka kumi baadaye misheni ya Kashozi ilianzishwa. Miaka miwili baada ya hapo, mwaka 1894, mpasuaji Mfaransa Victor Ménard alieleza namna ya kuufikia usaha wa mgongo kwa kuondoa kipande cha ubavu karibu na pingili. Wagonjwa waliopooza walianza kuchezesha miguu tena. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini hayakudumu. Tundu lililofunguliwa halikuziba. Bakteria wengine waliingia, usaha ulitiririka kwa miezi, na wagonjwa wengi walikufa. Ménard mwenyewe aliachana na njia hiyo. Mwenzake François Calot alikuja kuonya kwamba mpasuaji anayetaka kuung'oa ugonjwa huo kutoka kwenye mzizi atamuua mgonjwa kabla ya kuuona mzizi.

Wengine walijaribu kupitia nyuma kwa kukata mfupa wa mgongoni ili kuupa ugwe nafasi. Kosa la njia hiyo linaeleweka hata kwa fundi ujenzi wa kijijini: ukiwa na nyumba ambayo nguzo za mbele zimeliwa na mchwa, usibomoe ukuta wa nyuma. Pingili za mbele zimekwisha. Ukiondoa na za nyuma, mgongo wote unaporomoka. Mwaka 1911 Russell Hibbs na Fred Albee, wote wa New York na kila mmoja kwa njia yake, walianza kuunganisha mifupa ya nyuma ili mgongo usiendelee kupinda. Hilo lilisaidia kuimarisha, lakini usaha ulibaki mbele.

Kwa hiyo tiba kuu ilikuwa kulala. Mgonjwa alilazwa miezi, pengine miaka, akiwa amefungwa plasta, akipewa chakula bora, jua na hewa safi. Kwetu, Kibong'oto iliyoko Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, katika zama hizo za imani juu ya hewa na mapumziko. Fikiria umbali wa Kibong'oto kutoka Kashozi kwa miaka ile.

Hapa kuna jambo la kisiasa ambalo mwanafunzi wa historia hapaswi kulipita. Koch huyohuyo aliyegundua vimelea vya kifua kikuu aliishughulikia Buhaya, lakini si kwa kifua kikuu. Katika miaka ya 1897 na 1898 alishughulika na kuthibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba yalikuwa tauni. Mwaka 1906 na 1907 alirudi eneo la ziwa, akaweka kambi yake katika visiwa vya Sese na kutafiti malale, akitumia dawa ya atoksili ambayo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Dola ya kikoloni iliyaona magonjwa yaliyosambaa na kutishia nguvukazi. Mtu aliyelala ndani akiwa na shingo iliyokakamaa hakuwa tishio kwa mtu yeyote, na hakuandikwa popote.

Dawa ilipofungua mlango

Mambo yalibadilika mwaka 1943 streptomisini ilipogunduliwa huko Marekani katika maabara ya Selman Waksman, na mwaka 1952 isoniazidi ilipoanza kutumika. Dawa hizo zilifanya mambo mawili kwa pamoja. Zilitibu ugonjwa wenyewe, na zilimruhusu mpasuaji kufungua jipu bila kumhukumu mgonjwa kifo. Yale ambayo Ménard aliyaota mwaka 1894 yaliwezekana baada ya miaka sitini, si kwa sababu kisu kilinolewa zaidi, bali kwa sababu kidonge kilitangulia.

Mwaka 1956 Arthur Hodgson na Francis Stock wa Hong Kong walieleza upasuaji wa kutokea mbele: kulifikia pingili lililooza, kuondoa usaha na mfupa mfu mpaka kufikia mfupa mzima, kisha kupachika kipande cha mfupa kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa ili kuziba pengo. Mwaka mmoja kabla yao, Robert Robinson na George Smith wa Baltimore walikuwa wameeleza njia ya kuzifikia pingili za shingo kutokea mbele kwa ajili ya gegedu zilizochakaa. Njia hizo mbili zilipokutana, shingo yenye kifua kikuu ilipata tiba yake ya kisu.

Upasuaji wenyewe hufanyika hivi. Mgonjwa hulazwa chali, shingo ikiwa imetulizwa isitikisike. Mpasuaji hukata ngozi upande wa mbele wa shingo, husogeza koromeo na umio upande mmoja, na mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kichwani upande wa pili. Kati ya hivyo viwili ipo njia ya asili, nayo inafika moja kwa moja kwenye pingili. Hutoa usaha, hufagia mfupa uliokufa, huuacha ugwe ukiwa huru. Kisha hupachika kipande cha mfupa, mara nyingi kutoka kwenye nyonga. Siku hizi huongezwa bamba la chuma na skrubu ili shingo isimame mara moja. Sampuli ya usaha hupelekwa maabara, na dawa huendelea kwa kawaida miezi 9 hadi 12. Pasipo dawa, kazi yote hiyo ni bure.

Mwaka 1984 Hsu na Leong, pia wa Hong Kong, waliandika juu ya wagonjwa 40 wenye kifua kikuu cha pingili za chini za shingo. Kati yao, 17 ugwe wao ulikuwa umebanwa. Waligundua pia kwamba watoto chini ya miaka 10 huwa na usaha mwingi lakini hupooza kwa nadra, ilhali wakubwa huwa na usaha kidogo na hatari kubwa zaidi ya kupooza. Kwa maneno mengine, mtu mzima ambaye shingo yake haina uvimbe wa kutisha ndiye anayeweza kuwa ukingoni.

Afrika darasani, shingo nje ya darasa

Tusidhani kwamba elimu hii yote ilitoka Ulaya, Marekani na Asia. Ibadan, Nigeria, ilitoa somo lililoitikisa dunia. Huko vitanda vilikuwa vichache na wagonjwa wengi, na daktari Konstam na wenzake waliamua kuwapa wagonjwa wa mgongo dawa huku wakiendelea kutembea na kuishi majumbani. Taarifa yao ya mwaka 1962 ilihusu wagonjwa 207, na walio wengi walipona. Umaskini wa vitanda ulifichua kwamba kulala miaka plastani hakukuwa na lazima.

Mwaka uliofuata Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianza mfululizo wa majaribio ya kulinganisha tiba: Masan na Pusan nchini Korea, Hong Kong, na Bulawayo katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Matokeo yalithibitisha kwamba, mgonjwa akipata dawa sahihi, kulazwa hakuongezi kitu na plasta haiongezi kitu. Bulawayo ilionyesha kwamba upasuaji mdogo wa kukwangua tu haukuwa bora kuliko dawa peke yake. Upasuaji kamili wa Hong Kong uliufanya mfupa uungane mapema na mgongo upinde kidogo zaidi. Hospitali za Afrika Mashariki nazo, kwa ushirikiano na baraza hilohilo, zilionyesha kupitia taarifa ya mwaka 1972 kwamba kifua kikuu cha mapafu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka na zaidi. Wagonjwa wetu ndio waliofupisha tiba ya dunia nzima.

Lakini angalia jambo moja. Majaribio yale makubwa ya mgongo yaliwachukua wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa kuanzia pingili za kifua kushuka chini. Shingo haikujumuishwa. Masan na Pusan hawakuwachukua pia wale waliokuwa wamepooza kiasi cha kushindwa kutembea. Sababu za kitaalamu zinaeleweka: si haki kumpigia kura mtu ambaye ugwe wake umebanwa, ukamwambia bahati yako ni vidonge. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mgonjwa wa shingo amebaki nje ya ushahidi mkubwa, na mpasuaji wake hutegemea busara na mifululizo midogo ya wagonjwa. Kanuni iliyopo ni hii: dawa kwa wote, kisu kwa yule ambaye udhaifu unaongezeka, ambaye shingo haina uimara, ambaye jipu linaziba njia ya hewa, au ambaye dawa haijafaa.

Dola inayohesabu makohozi

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushirikiano na daktari Karel Styblo na Umoja wa Kimataifa wa kupambana na kifua kikuu. Mpango huo ni moja ya fahari zetu ambazo hatuzisimulii vya kutosha. Ulionyesha kwamba nchi maskini inaweza kuwatibu wagonjwa kwa utaratibu, kwa daftari, kwa hadubini na kwa usimamizi wa wilaya. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni dharura ya dunia, mkakati wake ulijengwa juu ya mfano wa Tanzania na nchi chache zilizoufuata.

Moyo wa mpango huo ulikuwa makohozi. Mgonjwa mwenye vimelea kwenye makohozi huambukiza wengine; ukimpata na kumponya, umekata mnyororo. Malengo ya dunia ya mwaka 1991 yalisema hivyohivyo: wapatikane asilimia 70 ya wagonjwa wa aina hiyo na waponywe asilimia 85. Kwa hesabu za afya ya umma, mantiki hiyo ni sahihi, na ningekuwa waziri wa miaka ile ningeitia saini. Wala mwongozo haukumnyima dawa mgonjwa wa mgongo; akigunduliwa, alitibiwa, na ugonjwa wake ulihesabiwa kuwa mkali.

Tatizo lilikuwa kugunduliwa. Mfumo uliofunzwa kutafuta makohozi huyaona makohozi. Anayehatarisha jirani hutafutwa. Anayejihatarisha mwenyewe husubiri ajitokeze. Tofauti na zama za Koch ni kubwa, kwa sababu dola ya sasa ni yetu na nia yake ni njema, lakini jicho limebaki vilevile: linamwona raia kwanza kama chanzo cha maambukizi, kisha kama mtu.

Kagera ililipa gharama ya pekee. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu. VVU hudhoofisha kinga, na kifua kikuu kinachotokea nje ya mapafu huongezeka pale kinga inaposhuka, tena makohozi mara nyingi hayaonyeshi kitu. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo mkoa wa Kagera ulizika vijana wake ndipo ulipohitaji zaidi swali pana kuliko lile la kikohozi.

Ziwa katikati

Tuseme mgonjwa amegunduliwa. Kagera ina hospitali zenye historia ndefu: ya mkoa mjini Bukoba, Ndolage, Rubya na Kagondo wilayani Muleba, Mugana kule Missenyi. Lakini upasuaji wa shingo unataka CT scan au MRI, mtaalamu wa usingizi anayeweza kumpitishia mgonjwa mpira wa hewa bila kuikunja shingo yake, chumba cha uangalizi maalumu, na mpasuaji wa mgongo au wa mishipa ya fahamu. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, na baadaye Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Mwanza ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300.

Njia ya rufaa ya watu wa Bukoba ilikuwa maji. Mwaka huohuo wa 1996, tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tumeilia meli ile kama msiba wa abiria, na ni haki. Lakini tukumbuke pia kwamba kwa miaka mingi meli ndiyo iliyokuwa gari la wagonjwa la mkoa mzima. Leo barabara ni ya lami, na hospitali ya kanda iliyoanza kazi Chato mwaka 2021 imeongeza mlango mwingine ulio karibu zaidi. Tukubali kwamba hatua imepigwa.

Namfahamu mama mmoja wa jirani na Kashozi aliyeumwa shingo kwa miezi tisa. Alipita vituo vitatu ambavyo sitavitaja, kwa kuwa kosa halikuwa la kituo kimoja. Alipewa dawa za maumivu, akaambiwa ni uzee, ilhali hakuwa ametimiza miaka 50. Picha ya kwanza ilipopigwa, tayari kijiko kilikuwa hakikai mkononi. Alisafirishwa, akapasuliwa, akapewa dawa mwaka mzima. Leo anatembea kwa fimbo na anakwenda kanisani mwenyewe. Vidole vya mkono wa kulia havijarudi. Dawa za kifua kikuu alipewa bure, kama ilivyo sera ya nchi. Nauli, picha, kitanda, vyuma na chakula cha wauguzaji havikuwa bure. Familia iliuza sehemu ya kibanja.

Msomaji asiye wa Kagera huenda asielewe uzito wa sentensi hiyo. Kibanja si shamba tu. Humo ndimo ilimo nyumba, ndizi, kahawa na makaburi ya wazee. Mhaya aliyeuza kibanja ameuza mahali pa kuzikiwa. Nilimuuliza mwanawe mkubwa kama walijuta. Akanijibu, "Mwalimu, mama anatembea. Lakini tungejua mwezi wa pili badala ya wa tisa, tungekuwa na mama na kibanja."

Sijasikia mhadhara wa sera ya afya uliofupishwa vizuri kuliko huo.

Tufanye nini

Kwanza, tupanue swali. Kikohozi kibaki, lakini kiongezwe: maumivu ya shingo au mgongo yanayozidi mwezi mmoja, hasa yanayomwamsha mtu usiku, yakiambatana na homa za jioni, kukonda au ganzi. Swali hilo halihitaji bajeti mpya wala ruhusa ya wafadhili.

Pili, tutumie tulicho nacho. Mashine za GeneXpert zinazopima makohozi zinaweza kupima usaha pia. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limeruhusu matumizi yake kwa sampuli za nje ya mapafu. Eksirei ya shingo inapatikana katika hospitali ya wilaya. Haioni ugonjwa mapema kama MRI, lakini mara nyingi inatosha kuzuia mwezi wa tatu usiwe wa tisa.

Tatu, rufaa ya ugwe uliobanwa ihesabiwe kama dharura, sawa na mama mjamzito anayetoka damu. Mtu ambaye miguu ilianza kulegea wiki hii hapaswi kupangiwa tarehe ya mwezi ujao.

Nne, bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaharakati wengi tumejadili kiwango cha mchango. Wachache tumeuliza kitita kinabeba nini. Je, kinabeba bamba la shingo na skrubu zake? Je, kinabeba miezi ya mazoezi ya viungo baada ya upasuaji, ambayo bila hayo kazi ya mpasuaji hubaki nusu? Maswali haya yaulizwe sasa, kanuni zinapoandikwa na kurekebishwa, si mgonjwa akiwa mlangoni.

Tano, kwa wanafunzi wangu wanaopenda kunukuu idadi ya hospitali mpya: majengo ni mwanzo. Ménard alikuwa na kisu na hakuwa na dawa. Wagonjwa wake walikufa. Ibadan ilikuwa na dawa na haikuwa na vitanda. Wagonjwa wake walipona. Kinachoponya ni mpangilio wa mambo kwa wakati wake, na mpangilio ndiyo kazi hasa ya dola.

Mtumishi wa umma unayesoma hapa, yamkini unaandaa mpango wa mwaka ujao wa halmashauri yako. Mgonjwa wa shingo hatakuwa wengi katika takwimu zako. Hataambukiza ofisi yako. Hatakuja kuandamana, kwa sababu hawezi kusimama. Ukimtafuta, utakuwa umemtafuta kwa sababu moja tu, kwamba yeye ni raia, na sababu hiyo inatosha.